Nguvu ya Maji ya Mama Sifa

Nyinyi vijana mnaokaa pale saluni Albert Park mkisubiri zamu ya kunyolewa, mmeniuliza mara nyingi nilifanya kazi gani hapa Durban mpaka goti likaharibika namna hii. Nilikuwa nachota maji taka. Sikuyabeba wala sikuzibua mabomba. Niliyachota kidogo kwenye chupa, nikaandika yametoka wapi, nikayapeleka yapimwe, ili manispaa ijue kila kiwanda kilipe fungu gani la gharama ya kuyasafisha. Najua mnacheka. Kinyozi naye anacheka, na mkasi wake uko karibu na sikio la mtu. Basi nieleze mara moja, halafu mnitafutie jambo lingine la kunichekea.

Shule niliiacha mapema, kwetu Kigoma. Sikufukuzwa, na karo ilikuwepo. Tatizo ni kwamba darasani tulikalishwa tukitazama upande mmoja tu. Tangu hapo nimepakia samaki Bujumbura, nimepaka rangi nyumba za watu Lusaka, nimelinda lango la shule Harare, shule nyingine kabisa iliyonikumbusha kwa nini niliondoka ile ya kwanza. Durban nilikuja kutazama winchi za bandarini. Nilitaka kujua yule mtu anayekaa juu kabisa anakwenda haja wapi. Nilipopata jibu nilikuwa nimeshazoea mji.

Kazi yenyewe niliipata kwa kuchungulia. Nilikuwa Pinetown, natembea tu kati ya viwanda, nikaona mzee amevaa koti jeupe, amesimama pembeni mwa barabara anatazama ndani ya shimo. Mtu mwenye akili zake akiona mzee anatazama shimo, anapita. Mimi nilikwenda nikasimama karibu naye, nikatazama pia.

"Unaona nini?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Maji."

"Jana yalikuwa na rangi hii?"

"Sijui. Jana sikuwepo."

Akageuka akanitazama vizuri. "Mwezi huu nimepewa wasaidizi wawili," akasema. "Wote waliniambia jana yalikuwa hivi hivi, na kila mmoja alikuwa ameanza kazi siku hiyohiyo aliyoniambia."

Huyo alikuwa Bab' Mkhize, mzee wa Kizulu, Mlutheri wa kimyakimya, na kampuni yake ndogo ilikuwa imepewa na manispaa kazi ya kuchota. Msaidizi wa pili alikuwa ametoroka asubuhi ile kwa sababu ya harufu. Nikachukua ndoo yake. Mzee aliniuliza natoka wapi, nikasema Kigoma, naye tangu siku hiyo akaniita Goma. Ndiyo maana hadi leo Wakongo wa mji huu wanasema mimi ni wa kwao na kwamba naficha.

Kuelewana hakukutusumbua. Mtu ni umuntu, nyama ni inyama, maji ni amanzi. Palipokosekana neno tulitia Kiingereza, na palipokosekana Kiingereza tulinyoosha kidole. Mkumbuke hilo la amanzi, tutalirudia.

Sasa, kwa nini uchote? Niliuliza siku ya kwanza, kwa sababu niliona ni rahisi zaidi kila mtu alipie wingi wa maji anayomwaga, basi. Bab' Mkhize akaegesha ile pikapu, akazima injini. Alikuwa hapendi kufundisha huku anaendesha.

"Ukifanya sherehe nyumbani," akasema, "utagawa gharama ya chakula kwa vichwa?"

"Ndiyo."

"Wewe hujawahi kufanya sherehe. Kuna familia inakuja watu kumi, wanadonoa kama ndege. Kuna mjomba mmoja anakuja peke yake, na sufuria linalia. Viwanda ni hivyo hivyo."

Kule kwenye mtambo wa kusafisha, vijana, wanaosafisha hasa ni vijidudu. Wanakula uchafu ulio ndani ya maji. Wakila wanahitaji kupumua, kwa hiyo mota kubwa zinawapulizia hewa mchana na usiku, na umeme wa zile mota ndio unaolia kama sufuria la mjomba. Maji yenye chakula kingi kwa vijidudu yanakula hewa nyingi, na hewa ni gharama. Maji ya namna hiyo sisi kazini tuliyaita maji yenye nguvu. Halikuwa neno la sifa. Ukiambiwa maji yako yana nguvu, ujue wewe ndiye yule mjomba wa sherehe.

Nitawapa na ujuzi kidogo, huenda siku moja mtu akauhitaji. Mfuniko wa chemba hauinuliwi kwa mgongo. Unauvuta kwa ndoano mbili, miguu ikiwa mbalimbali, na upepo uwe nyuma yako. Ukishafunguka usiiname papo hapo. Acha shimo lipumue kwanza, maana hewa ya mle inaweza kukuangusha ndani kabla hujajua umeanguka. Jina la kiwanda liandike kwenye chupa wakati mkono bado mkavu. Suuza chupa kwa maji yaleyale unayokwenda kuyachota. Halafu iweke kwenye sanduku la barafu, kwa sababu vijidudu hawangojei maabara, wanaanza kula njiani.

Na chakula chako usikiweke kwenye sanduku hilohilo. Somo hili lina historia yake. Bab' Mkhize alipenda amasi, yaani mtindi, na aliupenda wa baridi. Siku moja ya joto kali alimimina mtindi wake kwenye chupa mpya ya kazi, akautia kwenye barafu. Mimi nilikuta chupa haina jina. Nikahesabu sehemu tulizopita, nikaona chupa inayokosa jina lazima ni ya ukumbi wa kanisa, maana huko tulikuwa tumechota maji ya jikoni kwao na sikukumbuka kuandika, nikaandika. Mchana, chupa zikiwa zimeshafika maabara, mzee akatafuta amasi yake, akakuta maji ya kuoshea vyombo.

Maabara walipiga simu. Yule binti wa maabara alikuwa mpole sana. Alitaka kujua kanisa lile linaendesha kiwanda cha nini, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kupima maji yenye nguvu kiasi kile, na mashine yake imegoma. Bab' Mkhize aliitazama simu, akanitazama mimi, akamjibu kwamba ni Wakristo wa dhati. Kisha tukarudi kuchota upya. La sivyo kanisa lingelipia mtambo mzima.

Lakini nilijifunza kitu pale. Mtindi ni mweupe, ni msafi, unamnywesha mtoto, na bado ukiumwaga kwenye bomba ndio mjomba mkubwa kuliko wote. Nguvu ya maji haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa pua. Na hapo ndipo tunafika kwa Mama Sifa.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, Pinetown kulikuwa na yadi moja yenye mabanda mawili. Banda kubwa lilikuwa la mwenye yadi mwenyewe, Anko Rajen, Mhindi wa Durban wa tangu babu zake, mtu mcheshi mwenye kitambi na shati jeupe kila siku. Alikuwa akitengeneza sharubati na barafu za vijiti za watoto. Ukiingia kwake unasikia harufu ya embe, stroberi na nanasi, ijapokuwa sikuwahi kuona embe wala nanasi mle ndani. Banda dogo alikuwa amempangisha Mama Sifa, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Huyu alitengeneza chikwanga: anauroweka muhogo siku kadhaa mpaka ulainike na uchachuke, anautwanga, anaufunga kwenye majani ya mgomba, anaupika kwa mvuke. Wakongo wote wa Albert Park walikula mkononi mwake. Na muhogo ukirowekwa, jamani, unanuka. Unanuka kama soksi ya mlinzi wa zamu mbili.

Mabanda yote mawili yalikuwa na bomba moja la kutokea na chemba moja karibu na lango. Manispaa ilipima maji ya chemba, ikaleta bili moja ya yadi nzima. Ilikuwa juu ya Anko Rajen kuigawa, naye aliigawa kwa pua.

"Bru, wewe nusa mwenyewe," aliniambia. "Huku embe, huku maiti. Sasa nani achangie zaidi?"

Akamwandikia Mama Sifa sehemu kubwa sana ya bili, na akamwambia kwamba asipolipa ifikapo mwisho wa mwezi banda atapewa mtu wa matairi. Mama Sifa alikuwa na dada zake wawili wanaotwanga naye, na hakuwa na mahali pengine. Mwenye nyumba gani Durban angempokea na mapipa yale? Alikuwa amezunguka Pinetown yote akiuliza. Walikuwa wakimkubali vizuri mpaka waulize muhogo unafanywaje.

Siku tuliyokwenda kuchota upya, nilimkuta amekaa juu ya gunia, mikono mapajani.

"Kaka," akaniambia, "siye tutaenda wapi? Minasali, minafunga. Mungu hajasema kitu."

"Atasema, mama," nikamjibu, kama mtu anavyojibu. Nikaenda kwenye pikapu kuleta barafu.

Sasa nawaomba mtazame lile tukio kwa macho ya Mama Sifa, kwa sababu mimi sikuwepo, nilikuwa napigana na mfuko wa barafu. Mnawajua wale manabii wa makanisa ya Kizayuni hapa, mnawaona Jumapili ufukweni: joho jeupe, mkanda wa kijani, fimbo ndefu, na kila ugonjwa wanautibu kwa maji. Sasa anaingia langoni mzee mwenye mvi, koti jeupe mpaka magotini. Kiunoni amefunga ule mkanda wa kijani unaong'aa, wa kuzuia asigongwe na gari. Mkononi ana fimbo ndefu yenye kikombe nchani, ya kuchotea. Haongei na mtu. Anafunua shimo, anasimama kimya kwa muda, maana anaacha hewa itoke. Mama Sifa yeye anaona anasali. Anazamisha fimbo, anapandisha maji, anayainua kwenye mwanga wa jua, anayatazama upande huu na upande huu. Kisha anamgeukia yeye, na kwa huruma kabisa, kwa sababu alikuwa anampa habari mbaya, anamwambia:

"Amanzi akho anamandla, mama. Anamandla kakhulu."

Maji yako yana nguvu, mama. Yana nguvu sana.

Amanzi anayajua, ni maji. Amandla hakuna mgeni asiyelijua katika nchi hii, linapigiwa kelele katika kila maandamano: nguvu, uwezo. Niliporudi na barafu nilimkuta Mama Sifa amepiga magoti kwenye saruji, machozi yanamtoka, na Bab' Mkhize ameshika kikombe chake, hajui pa kukiweka.

"Goma, amepoteza nini?" akaninong'oneza.

Mimi nilidhani amedondosha hereni. Tukawa chini wote watatu. Yeye akasema amina, sisi tukatafuta.

Kabla ya kuondoka Anko Rajen alitoka na ubishi wake. Alishika glasi ya maji yake ya kuoshea mapipa ya sharubati, mekundu kidogo, yanang'aa. "Angalia," akasema, akaipiga funda. "Unaweza kunywa. Mwambie na yule mama anywe ya kwake."

"Hakuna anayesema hayanyweki, Anko," Bab' Mkhize akamjibu.

"Basi najaza chupa. Naiweka ofisini kwangu, mtu yeyote akija kubishana namwonyesha." Akaijaza chupa ya plastiki, akaikaza kizibo kwa nguvu zote, akaiweka dirishani juu ya meza yake, kwenye jua, ionekane rangi.

Bab' Mkhize alitaka kusema kitu. Nilimwona. Kisha akaamua kunywa chai.

Sasa niwape na mambo ya mabadiliko ya kazi, yanahusika. Zamani tulichota mara moja tu, ukija umekuja. Viwanda vikatuzoea. Kulikuwa na kiwanda kimoja, jina nimelisahau kwa makusudi, ambacho mlinzi wake alikuwa akitusalimia kwa ukoo. Aliulizia mama, shangazi, ng'ombe wa shangazi, na wakati huo ndani wanafungulia mpira wa maji safi ili maji taka yawe mepesi. Bab' Mkhize hakugombana naye. Alikuwa akivuta kiti, anamuulizia na yeye ukoo wake, mpaka wa upande wa mama. Maji safi nayo yana bili. Mpira ukitiririka kutwa nzima, meneja mwenyewe huja mbio kuufunga.

Ndiyo sababu kampuni ikaletewa mashine. Ilikuwa kama pipa dogo lenye mrija. Unaining'iniza ndani ya chemba, unafunga mfuniko kwa kufuli, nayo inafyonza kidogo kidogo wiki nzima, hata watu wakiwa wamelala. Bab' Mkhize aliichukia. Aliiita mkwe, kwa sababu inakaa tu, inakunywa, na haisemi na mtu. Lakini kwa kuwa yadi ya Anko Rajen ilikuwa na mgogoro, ofisi ikaamua mkwe akae kule wiki moja, kipimo chake ndicho kiwe cha mwisho. Tukamfunga siku tatu baada ya ile siku ya magoti.

Mama Sifa alinitazama nikikaza kufuli. Nilimwona ametulia, uso umejaa furaha. Niliona ajabu, maana mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Katika wiki ile mimi mwenyewe nilianza kushuku pua yangu. Kila nilipopita Albert Park jioni, nilisikia muhogo. Duka la simu linanuka muhogo. Saluni hii hii, msiniangalie hivyo, kinyozi wa wakati ule anapiga deki kizingitini na mlango unanuka muhogo. Nikasema basi, kazi imeniingia kichwani. Nikaacha kula chikwanga siku mbili. Haikusaidia.

Tulipomfungua mkwe na kupeleka maji yake, yule binti mpole wa maabara akatupa jibu: nguvu ya yadi imeshuka kidogo sana kuliko mwanzo. Kidogo tu, kama mtu aliyevua kofia akapimwe uzito.

Anko Rajen alifurahi. Kwake ilikuwa ushahidi. "Bado maiti anakula," akasema. Akamwita mtu wa matairi aje kupima banda kwa futi kamba. Yule mtu alikuja siku ileile tuliyokwenda na majibu, akaanza kupima ukuta huku dada zake Mama Sifa wanatwanga.

Mimi nilikwenda kumwambia Mama Sifa, na njiani nilikuwa natafuta maneno. Nilimkuta nyuma ya banda. Kulikuwa na mapipa ya bluu, yamepangwa safu mpaka ukutani, yamefungwa vizuri, na mstari wa akina mama wameshika chupa na vidumu.

"Hii nini, mama?"

"Maji, kaka. Unajua."

"Maji ya muhogo? Humwagi?"

Alinitazama kama nimetukana msalaba. "Nimwage namna gani? Papa mwenyewe, yule wa fimbo, alisema iko na nguvu. Tangu ile siku sijamwaga hata tone. Watu banakuja kuchukua. Yule wa simu alinyunyiza mulangoni, njo wateja bakaongezeka."

"Wanaingia haraka kwa sababu ya harufu ya nje," nikasema.

"Basi si banaingia?"

Hapo ndipo zile hereni tulizotafuta chini zikanirudia akilini, na koti, na mkanda, na fimbo. Nikakaa juu ya pipa nikacheka mpaka mtu wa matairi akaja kuuliza kama kuna matatizo. Halafu nikaacha kucheka ghafla, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine. Nikakimbia, na hapo ndipo goti lilipoanza maneno yake, mpaka kwenye pikapu.

"Baba," nikamwambia Bab' Mkhize, "wiki yote ile yeye hakumwaga."

"Nani?"

"Mama Sifa. Mkwe alikuwa anakunywa maji ya Anko peke yake."

Nyinyi mnaweza kupiga hesabu hii bila karatasi. Mwanzo wote wawili walimwaga, nguvu ikawa ile. Kisha mmoja akaacha kabisa, nguvu ikabaki karibu ileile. Ule upungufu mdogo ndio fungu la Mama Sifa. Kilichobaki chote ni cha embe na stroberi. Kwa mwaka mzima tulikuwa tunaumiza kichwa jinsi ya kutenganisha watu wawili wenye bomba moja, na ofisi ilikuwa imekataa kuchimba chemba ya pili. Kumbe njia ilikuwa kumwambia mmoja azuie maji yake wiki moja. Lakini nani angekubali kukaa na maji ya muhogo wiki nzima bila kuambiwa na nabii?

"Kwa nini hakumwaga?" mzee akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kuanzia koti. Uso wake ulipitia sehemu nyingi.

"Mimi ni Mlutheri," akasema mwishowe.

"Mwambie yeye."

"Kwanza Rajen."

Tukaingia ofisini kwa Anko. Alikuwa kwenye meza yake na shati lake jeupe, mtu wa matairi amekaa mbele yake, wanazungumzia kodi. Ile chupa ilikuwa bado dirishani. Nyinyi msiojua, sukari ndani ya chupa iliyofungwa, kwenye jua la Durban, nayo inafanyiwa kazi na vijidudu. Chupa ilikuwa imevimba tumbo na chini imekuwa mviringo, haisimami tena, imeegemea kioo.

"Anko," Bab' Mkhize akasema, akibaki mlangoni, "wiki ambayo mashine ilikaa hapa, yule mama hakumwaga maji. Yako nyuma kwenye mapipa. Nguvu yote ile ni ya kwako."

"Bru, usinichekeshe. Ya kwangu ni sukari na rangi. Haya, nusa." Akanyoosha mkono dirishani, akaichukua chupa, akashika kizibo.

"Ningekuwa wewe nisingeifungua," Bab' Mkhize akasema.

Anko Rajen akaifungua.

Sauti yake ilikuwa kama tairi, na mtu wa matairi alikuwa wa kwanza kulala chini. Maji mekundu yalifika darini, yakarudi. Kisha harufu ikaja. Sitaielezea, ila niseme kwamba kupitia dirishani ule muhogo wa Mama Sifa ulianza kunukia kama mkate. Anko Rajen alisimama na shati lake lenye madoa, anadondosha stroberi kutoka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mwaminifu, hilo nampa. Alikaa, akajifuta, akanusa mkono wake mwenyewe.

"Eish," akasema. "Na hii niliinywa."

"Uliinywa ikiwa mpya," Bab' Mkhize akamfariji.

Mtu wa matairi aliondoka bila futi kamba yake. Bili ikagawanywa upya kwa ule upungufu. Fungu la Mama Sifa likawa dogo, akalilipa kabla ya mwisho wa mwezi, na banda likabaki lake. Anko naye alijifunza kukwangua mabaki kwenye mapipa yake kwa kipande cha mpira kabla ya kuyasuuza, akauza ile sukari ya mabaki kwa mfugaji wa nyuki, na mwaka uliofuata yadi nzima ilikuwa inalipa kidogo. Mimi na mzee tukaanza kutumia njia ya kuzuia mmoja mahali pengine. Ofisini iliandikwa kwa jina refu la Kiingereza. Mimi niliiita njia ya nabii, lakini si mbele ya mzee.

Maana mzee hakuweza kutulia. Alitaka kumrekebisha yule mama. Alinichukua siku moja kwa makusudi, akavua lile koti, akavua mkanda, akaacha fimbo kwenye gari, akasimama mbele ya Mama Sifa na fulana yake.

"Goma, mwambie mimi si nabii. Mwambie nilikuwa namwambia maji yake ni machafu."

Nikatafsiri. Mama Sifa alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya unga.

"Kaka, muulize papa. Alisema maji iko na nguvu, ao hakusema?"

"Alisema," mzee akajibu.

"Na banda, niko ndani ao niko inje?"

Nikatafsiri. Mama Sifa akamfungia mzee chikwanga tano za moto kwenye gazeti, akaongeza na kidumu kidogo cha bluu, kimekazwa kizibo vizuri.

"Hiki kimwage barabarani," aliniambia mzee tukiwa kwenye gari. Lakini hakukitoa nje. Alikiweka katikati ya miguu yake, na kwenye robot zote, yaani taa za barabarani, za kutoka Pinetown alikuwa akikishika kisianguke.

Alistaafu kabla yangu. Nilikwenda kumsalimia nyumbani kwake, na nilipofika getini nikasimama. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na harufu niliijua. Bab' Mkhize alitokea mlangoni, akaona ninavyonusa.

"Ni mke wangu," akasema haraka. "Wanawake na mambo yao."

Kutoka jikoni, sauti ya mke wake ikaja, ya mtu aliyechoka kusema jambo moja:

"Usinisingizie. Kesho ukinyunyiza tena, kizingiti utakipiga deki mwenyewe."